Deni limehamishwa, kadi za zamani zifanyweje? Kisa cha familia ya Tukuyu

Familia hii ni ya Tukuyu, lakini fedha zake zinaamuliwa katika miji miwili iliyo mbali sana. Kaka mkubwa anafundisha sekondari hapa Mbeya na anaishi Uyole. Dada anayemfuata ni muuguzi Houston, Texas. Mama yao yuko huko huko Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye nyumba ya zamani, na pembeni yake inainuka nyumba mpya: dada anaigharamia, kaka anaisimamia. Majina nimeyaacha na mambo ya kuwatambulisha nimeyabadili. Wameruhusu kisa kiandikwe, nami nimekiandika kwa kirefu kwa sababu familia nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini zina mtu aliye nje, na ushauri wa fedha tunaompa mtu huyo unatoka kwenye mazingira yetu, si yake.

Dada alikuwa na kadi tatu za mkopo. Ya kwanza aliichukua 2014, haina ada ya mwaka, ukomo wake, yaani kiasi cha juu anachoruhusiwa kukopa, dola 4,000, na ilikuwa na deni la dola 2,600 kwa riba ya asilimia 24. Ya pili ni ya 2018, ukomo dola 6,000, deni dola 4,400, riba asilimia 27, na kila Septemba inamkata ada ya dola 95. Ya tatu ni kadi ya duka la samani aliyoichukua 2022, ukomo dola 1,000, haina deni. Jumla alikuwa anadaiwa dola 7,000, na riba peke yake ilimla zaidi ya dola 1,800 kwa mwaka, yaani kama dola 150 kila mwezi kabla hajapunguza hata senti moja ya deni lenyewe.

Januari akapata kadi mpya yenye ukomo wa dola 8,000 ambayo ingepokea madeni ya kadi nyingine bila riba kwa miezi 18, kwa malipo ya asilimia 3 ya kiasi kinachohamishwa. Akahamisha zote 7,000. Malipo ya kuhamisha yakawa dola 210, deni likawa 7,210. Hapo alifanya vizuri: dola 210 hazifiki hata riba ya mwezi mmoja na nusu aliyokuwa anailipa.

Ugomvi ukaanzia kwenye kadi za zamani. Kadi ya kwanza na ya pili sasa zinasoma sifuri. Kaka akamwandikia WhatsApp: "Zikate zote tatu, piga picha vipande, nitumie." Dada akajibu kwamba wenzake kazini wamemwambia asifunge kadi hata moja, ataharibu alama zake za mikopo, zile ambazo wakopeshaji wa kule wanapimia kama mtu anaaminika kulipa. Wakavutana siku kadhaa, mama naye akaingia upande wa mwanawe wa kiume, ndipo kaka akaniletea jambo hili. Mimi kazi yangu ya miaka mingi ni hesabu za ushirika wa akiba na mikopo, na madeni ya walimu nayafahamu kwa karibu.

Kabla ya hesabu, nimtendee haki kaka. Mbeya, kadi na deni vikikutana, mtu anakumbuka kausha damu, ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa. Tumeona walimu wenzake wakimwachia mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine. Tumeona akina mama wa soko la Mwanjelwa wakilipa Songesha, mkopo wa M-Pesa wa kwenye simu, asubuhi na kukopa tena jioni, kwa sababu kikomo kiko pale pale kwenye simu kinawasubiri. Na mwalimu ambaye benki mpya imenunua mkopo wake wa mshahara, ushauri sahihi ni kuhakikisha ule wa zamani umekufa kabisa: achukue barua ya kumaliza deni, aangalie hati ya mshahara mwezi unaofuata kama makato yamekoma, ahakikishe anabaki na ile theluthi moja ya mshahara wake isiyotakiwa kukatwa. Mkopo wa mshahara uliokwisha kulipwa haukusaidii kitu kwa kubaki wazi. Kaka alichukua ushauri huo, ambao ni mzuri kwa mwalimu wa Mbeya, akautuma Houston.

Houston mambo yanakwenda kwa utaratibu mwingine. Taasisi tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, zinatunza historia ya mikopo ya kila mtu, na kutoka kwenye historia hiyo zinakokotolewa alama. Mfumo unaotumika zaidi, FICO, unaanzia 300 hadi 850. Wenyewe wanaeleza kwamba asilimia 35 ya alama inatokana na kulipa kwa wakati, 30 inatokana na kiasi unachodaiwa, 15 umri wa historia yako, 10 mikopo mipya, na 10 mchanganyiko wa aina za mikopo. Katika ile 30 ndimo kesi yetu ilipolalia. Wanaangalia umetumia sehemu gani ya ukomo ulionao, kwa kila kadi na kwa kadi zote pamoja. Kadi isiyo na deni inasaidia kwa kukaa tu, kwa sababu ukomo wake unahesabiwa.

Nikamwekea kaka hesabu mezani. Kabla ya kuhamisha, dada alikuwa anadaiwa 7,000 kwenye ukomo wa 11,000, karibu asilimia 64. Baada ya kuhamisha, anadaiwa 7,210 kwenye ukomo wa 19,000, asilimia 38. Akizikata na kuzifunga zote tatu kama kaka alivyotaka, anabaki na kadi moja yenye ukomo wa 8,000 na deni la 7,210. Hiyo ni asilimia 90. Mtu ambaye ametoka kupunguza gharama ya deni lake, kwenye karatasi ataonekana amebanwa kuliko alivyokuwa amebanwa mwezi uliopita. Kaka, ambaye ni mwalimu wa hisabati, aliitazama ile 90 kwa muda, akasema, "Sasa hilo mbona hakunieleza?" Hakumweleza kwa sababu naye alikuwa ameambiwa tu "usifunge", bila sababu.

Na hapo ndipo upande wa dada nao una kasoro. Wenzake walimtisha kwamba akifunga kadi ya 2014 miaka yake yote ya historia inafutika siku hiyo hiyo. Kwa FICO si hivyo. Kadi iliyofungwa ikiwa safi inaendelea kubaki kwenye ripoti hadi miaka 10, na umri wake unaendelea kuhesabiwa muda wote huo. Kwa hiyo hofu ya kupoteza umri isimfanye mtu ang'ang'anie kadi inayomwumiza. Kinachobadilika haraka ni ukomo.

Halafu kuna jambo ambalo wote wawili hawakulijua, na kwangu ndilo lililoamua kesi. Matoleo ya FICO yanayotumika sana hayakumbuki ulitumia asilimia ngapi mwaka jana. Yanaangalia salio lililoripotiwa mara ya mwisho. Deni likishafika sifuri, ukomo uwe 19,000 au 8,000, sifuri ni sifuri. Kufunga kadi leo, deni likiwa 7,210, kunauma. Kufunga kadi ile ile deni likiisha hakuumi kwa kiasi hicho. Uamuzi mzima unageuka kuwa wa tarehe.

Je, kuna kitu kabla ya tarehe hiyo ambacho alama zake zinahitajika? Kwa dada vipo viwili karibu. Mkataba wa nyumba anayopanga unaisha Juni, na mwenye nyumba huko anaomba ripoti ya mikopo kabla ya kuongeza muda. Bima ya gari nayo inakaribia kuhuishwa, na Texas sheria inaruhusu kampuni za bima kuangalia historia ya mikopo katika kupanga bei. Cha mbali zaidi ni mkopo wa nyumba yake mwenyewe, anaotaka kuuomba mwakani. Wakopeshaji wa nyumba wa Marekani kwa kawaida huchukua alama kutoka taasisi zote tatu na kutumia ile ya katikati, na tofauti ndogo ya riba kwenye mkopo wa miaka 30 inaweza kuwa fedha nyingi. Basi huu si mwaka wa kujionyesha na asilimia 90.

Mpaka hapo ungedhani wenzake wa kazini wameshinda. Lakini kaka alikuwa na hoja moja ambayo hesabu haijibu. Mwaka 2021 dada alichukua mkopo wa kawaida wa benki, akalipa kadi zote mbili zikawa sifuri, familia ikashukuru Mungu. Miaka miwili baadaye mkopo ulikuwa unaelekea kuisha na kadi zilikuwa zimejaa tena. "Ndugu yangu," kaka akaniambia, "alama za nini kama baada ya miaka miwili tunarudi hapa hapa?" Hoja hii naiheshimu sana. Mtu anayejaza kadi upya kila akizisafisha, azifunge na alama zishuke. Riba ya asilimia 27 ni ghali kuliko alama zozote.

Ila nilitaka kujua zilijazwa na nini. Tukamwomba dada taarifa za akaunti za kadi ya pili, tukazipitia mstari kwa mstari, na jibu likatoka Tukuyu.

Wanaoijua Rungwe wanajua mvua zake. Zinaanza Novemba na zinaendelea hadi Mei, mara nyingine hata Juni bado kunanyesha. Ukuta ambao haujaezekwa ukikutwa na mvua hizo ni hasara. Kwa hiyo kila Oktoba simu za kaka zilikuwa za dharura: mbao zimefika, fundi anasubiri, bati zimepanda bei, mvua inakuja. Mshahara wa dada hauingii kwa kufuata mvua za Rungwe. Akawa anafungua programu ya kutuma fedha na kuchagua kadi ya mkopo badala ya akaunti ya benki, kwa sababu kadi ilikuwa na nafasi na akaunti haikuwa nayo.

Kutuma fedha kwa kadi ya mkopo, benki nyingi za kule zinakuhesabia umetoa taslimu. Hilo si sawa na kununua kitu dukani. Kuna tozo papo hapo, kwake ilikuwa asilimia 5, na riba ya karibu asilimia 30 inaanza siku ile ile bila zile wiki za neema zinazotolewa kwa manunuzi. Oktoba moja alituma dola 1,200 za bati. Dola 60 ziliondoka kabla bati halijapakiwa Mbeya, na riba ikaendelea kuzunguka mwaka mzima. Kaka hakuwa na habari. Alipoiona ile 60 kwenye taarifa alinyamaza, kisha akauliza kama kila safari ilikuwa hivyo. Karibu kila safari. Yeye alipokea alichoomba, akakigeuza bati na misumari kwa uaminifu, na risiti zote anazo. Hakuna aliyeiba. Fedha ilipotea njiani kwa sababu hawa ndugu wawili walikuwa wanaongea juu ya bati tu, hawajawahi kuongea juu ya njia ya kutuma fedha.

Kwa hiyo uamuzi tuliofikia una sura tofauti kwa kila kadi, na mmoja hauhusu kadi kabisa.

Ile ya 2014 inabaki. Haina ada, na ni nyepesi kuitunza. Kadi ikikaa bila kutumika, benki inaweza kuifunga au kupunguza ukomo wake bila kukuuliza, kwa hiyo dada ameiwekea bili moja ndogo ya simu, inalipwa yote kila mwezi kwa kujikata yenyewe kutoka akaunti ya benki. Kadi yenyewe haiko kwenye pochi, na namba yake imefutwa kwenye simu.

Ya duka la samani ifungwe sasa. Ukomo wake ni 1,000 tu. Ikiondoka, jumla inashuka hadi 18,000 na matumizi yanapanda kutoka 38 hadi 40. Hiyo naweza kuivumilia. Kadi za maduka zina masharti mabaya, hasa zile ofa za "lipa ndani ya mwaka bila riba" ambazo ukibakiza hata kidogo siku ya mwisho wanakurudishia riba yote tangu siku ya kwanza. Hapa kaka alipata picha yake ya vipande.

Ya 2018 ndiyo iliyotuchukua jioni nzima. Ndiyo iliyovujisha fedha, ina ada, na ndiyo yenye ukomo mkubwa kati ya za zamani. Tulimshauri dada apige simu benki aombe mambo matatu. Kwanza washushe kabisa ukomo wa kutoa taslimu; benki nyingi zinakubali mteja akiomba. Pili wambadilishie namba, kwa sababu namba ya sasa ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu ya mdogo wao wa mwisho aliyekuwa akiagizia vipuri vya gari mtandaoni, na hakuna haja ya kufunga akaunti nzima kwa ajili ya hilo. Tatu wamhamishie kwenye kadi nyingine ya benki hiyo hiyo isiyo na ada ya mwaka. Mara nyingi akaunti inabaki ile ile na historia yake na ukomo wake, inabadilika jina tu. Benki ikikataa hilo la tatu, kadi ifungwe Agosti, kabla ada ya Septemba haijaingia. Wakati huo Juni itakuwa imepita, deni litakuwa limepungua vya kutosha, na mkopo wa nyumba bado ni wa mwakani. Sioni sababu ya kulipa dola 95 kuokoa asilimia ambazo zitajirekebisha zenyewe.

Kuna hatari moja ndogo ambayo naisisitiza kwa sababu nimeona watu makini wakianguka hapo. Riba ya kadi inahesabiwa kila siku. Deni likihamishwa leo, siku zilizopita tangu taarifa ya mwisho zina riba yake ambayo bado haijaandikwa. Mwezi unaofuata kadi uliyodhani ni sifuri inaleta dola 30 au 40. Usipoiona, ikapita siku 30 baada ya tarehe ya kulipa, inaripotiwa kama ucheleweshaji, na hiyo inagusa ile asilimia 35, sehemu nzito kuliko zote. Alama ya kuchelewa inakaa kwenye ripoti miaka 7. Dada alikuta dola 41 kwenye kadi ya pili mwezi Februari, akalipa siku hiyo hiyo. Kama angezikata kadi Januari, akafuta na programu zake kwenye simu, nani angemwonyesha hiyo 41?

Kadi mpya nayo ina masharti yake. Asinunulie kitu chochote: akiwa amebeba deni lililohamishwa, manunuzi mapya yanaanza kutozwa riba mara moja, isipokuwa kama ofa imetaja manunuzi pia, na yake haikutaja. Asichelewe. Sheria ya Marekani ya kadi za mkopo ya 2009 inazuia benki kuiondoa riba ya ofa kabla ya muda wake, lakini mteja akichelewa siku 60 kinga hiyo inaondoka. Na asilipe kima cha chini. Kima cha chini kimepangwa ili miezi 18 iishe deni likiwa bado kubwa. Dola 425 kwa mwezi zinamaliza deni kwa malipo 17, mwezi mmoja kabla ya mwisho. Akifuata hivyo, baada ya malipo 12 atakuwa anadaiwa 2,110, ambayo ni chini ya asilimia 12 ya ukomo wa 18,000, au chini ya 18 kama kadi ya 2018 itakuwa imefungwa.

Dola 425 ni milioni moja na ushee kwa fedha yetu. Uamuzi usiohusu kadi ulikuwa huu: milioni hiyo itoke wapi? Itatoka kwenye ujenzi, na kaka alilisema mwenyewe kabla sijalisema. Sasa dada anatuma dola 300 kila mwezi, tarehe tano, kutoka akaunti ya benki, hakuna zaidi. Bati zinanunuliwa chache chache kuanzia Juni, wakati wa kiangazi, zinatunzwa kwa mjomba. Oktoba ikifika bati zikiwa hazijatosha, vyumba viwili vinaezekwa na vingine vinafunikwa kwa turubai. Mama alielezwa. Aliuliza kama binti yake anakula vizuri huko aliko, maana dola 425 ni nyingi, na baada ya hapo hakuzungumzia tena vyumba.

Kaka alitaka pia uhakika kuhusu 2021 kujirudia, na alikuwa na haki ya kuutaka. Wamekubaliana kwamba kila taarifa ya akaunti ikitoka, dada anampigia picha na kumtumia. Kadi ya 2014 au ya 2018 ikionyesha deni lililovuka mwezi bila kulipwa lote, hata dola 20, kadi hiyo inafungwa wiki ile ile, mkopo wa nyumba uwe karibu au mbali. Dada ndiye aliyependekeza hiyo dola 20. Kaka alikuwa amesema mia moja.

Wakati naandika haya, kadi ya duka imeshafungwa na namba ya kadi ya 2018 imebadilishwa. Benki imekubali kuondoa utoaji taslimu. Kuhusu kuhamia kwenye kadi isiyo na ada, wamemwambia apige tena Agosti, na kaka ameandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani pale Uyole.